Simba wawili wa Banda Street na wadogo zao wa Eastlands

Ukitoka Msikiti wa Jamia, katikati ya Nairobi, ukaifuata Banda Street badala ya kukata kuelekea City Market, unakutana na jengo ambalo halijafanana na majirani zake hata kidogo. Nguzo nene za graniti, ngazi pana, na simba wawili wa mawe waliokaa kitako kushoto na kulia kama mabawabu wasiobadilishana zamu. Hiyo ndiyo McMillan Memorial Library, maktaba kongwe kuliko zote jijini. Kwa wapita njia wengi, maktaba ni wale simba. Kilichomo nyuma yao hawajawahi kukiona, na wengine hudhani ni mahakama au benki ya zamani.

Siwalaumu. Jengo lenyewe halikujengwa ili waingie.

Hapo ndipo kisa hiki kinapoanzia: jengo lililosimamishwa kuwa ukumbusho wa mtu mmoja, likatengwa kwa watu wa rangi moja, linawezaje kuwa maktaba ya wakazi wa jiji? Rai yangu naiweka mezani mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Nadhani jibu lilianza kupatikana si Banda Street bali Eastlands, mitaa ya mashariki ya jiji, katika vijengo viwili ambavyo hakuna mtalii aliyewahi kuvipiga picha kwa ajili ya nguzo zake.

Tuanze na mwenye jina. William Northrup McMillan alizaliwa St. Louis, Missouri, mwaka 1872, katika familia yenye mali. Alifika huku mwanzoni mwa karne ya 20, akajipatia ardhi ambayo ukiitazama kwenye ramani ya leo unabaki kutikisa kichwa. Shamba lake la Juja ndilo alilofikia Theodore Roosevelt mwaka 1909, alipokuja kuwinda. Nyumba yake ya mjini ilikuwa Chiromo, mahali ambapo leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Waingereza walimpa cheo cha "Sir", akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria, na alipofariki huko Nice, Ufaransa, Machi 1925, mwili wake ulirudishwa Kenya. Alikuwa ametaka azikwe juu ya Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wengi wetu tunauita Kilimambogo, wenye kimo cha mita 2,145. Hakufika kileleni. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa mno na njia ilikuwa mbaya, basi wakamzika ubavuni mwa mlima, na kaburi lipo hapo mpaka leo ndani ya mbuga ya taifa.

Nimelitaja kaburi kwa sababu maktaba ni kaburi lake la pili. Mjane wake, Lucie McMillan, ndiye aliyeijenga kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani, na Gavana Joseph Byrne akaifungua Juni 1931. Ndani viliwekwa vitu vya nyumbani kwa marehemu: samani, picha za kuchorwa, pembe za ndovu. Sakafu ni ya vipande vya mbao vilivyopangwa kwa ustadi, aina ile inayomfanya mtu akanyage polepole bila kuambiwa. Ukumbi ni mrefu kwenda juu kuliko mahitaji ya msomaji yeyote. Ukisimama hapo unaelewa kwamba mbunifu alipewa kazi mbili zinazovutana. Maktaba inataka meza, mwanga, rafu na mlango mwepesi. Ukumbusho unataka mtu aingie akijihisi mdogo. Pale Banda Street, ukumbusho ndio ulioshinda.

Na huyo msomaji aliyetazamiwa kuingia alikuwa nani? Sensa ya mwaka huohuo wa 1931 ilihesabu Wazungu wasiofika 17,000 nchini Kenya nzima, pamoja na watoto wachanga na walowezi waliokaa mbali kabisa na Nairobi. Wao peke yao ndio walioruhusiwa. Kwenye kiwanja cha jirani, Waislamu, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, walikuwa katikati ya kujenga Msikiti wa Jamia, kazi iliyoanza katikati ya miaka ya 1920 na kumalizika 1933. Majengo mawili yalipanda juu wakati mmoja, ukuta kwa ukuta. Aliyetawadha na kuswali katika moja hakuwa na ruhusa ya kufungua kitabu katika jingine. Ubaguzi wa mji wa kikoloni huwa tunausoma kama mipaka ya mitaa, Wazungu huku na Waafrika kule. Hapa ulikuwa na upana wa hatua chache tu.

Mwaka 1938 ukaongeza jambo ambalo bado lina uzito. Bunge la kikoloni lilipitisha sheria maalumu kwa ajili ya jengo hili, Sheria ya McMillan Memorial Library, Sura ya 217 katika sheria za Kenya, ikaliweka chini ya wadhamini. Inasemwa mara nyingi kwamba ndilo jengo pekee nchini lenye sheria yake lenyewe, nami sijakutana na jingine.

Mwaka uleule wa 1938, maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu waliandamana kutoka Machakos hadi Nairobi kwa sababu serikali ilikuwa ikiwanyang'anya ng'ombe kwa kisingizio cha kulinda udongo. Walikaa mjini kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Hao ndio watu waliokuwa wakiishi chini ya mlima aliozikwa McMillan. Basi tazama miezi hiyo kumi na miwili: kitabu cha mlowezi kinapata ulinzi wa sheria, ng'ombe wa Mkamba anauzwa kwa nguvu. Leo barabara inayopita jirani na maktaba inaitwa Muindi Mbingu Street. Jiji lenyewe limewaweka wawili hao pamoja, pengine bila kukusudia.

Milango ilianza kulegea mwaka 1958, wasomaji wasio Wazungu waliporuhusiwa, na mwaka 1962, uhuru ukiwa umekaribia, jengo likakabidhiwa Baraza la Jiji la Nairobi. Hapa watu wengi huchanganya mambo, kwa hiyo niweke wazi. Shirika la Huduma za Maktaba la taifa, ambalo wengi hulijua kwa kifupi cha Kiingereza, KNLS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, na McMillan haikuwahi kuwa mali yake. Ilibaki ya jiji, na baada ya ugatuzi wa 2013 ikawa ya Kaunti ya Nairobi. Matokeo ya jambo hili dogo la kiofisi ni makubwa. Serikali ya kitaifa ilipojenga maktaba zake mikoani, na baadaye Maktaba Kuu kule Upper Hill, McMillan ilikuwa mtoto wa nyumba nyingine. Ilikula kilichobaki katika bajeti ya jiji baada ya takataka, barabara, maji na mishahara. Kila anayeijua City Hall, makao ya serikali ya jiji, anajua kilichobaki huwa ni kiasi gani.

Sheria ya 1938 hapo haikusaidia sana. Sheria humzuia mwenye tamaa ya kiwanja, na kwa jiji ambalo limepoteza viwanja vya umma vingi kiasi hiki, hilo si jambo la kubeza; nina hakika simba wale wasingekuwa pale leo kama si Sura ya 217. Lakini sheria haipandi juu ya paa ikiwa na ndoo ya lami. Haiagizi vitabu vipya. Jengo lililindwa lisianguke, likaachwa lichakae. Vitabu vya walowezi vilibaki kwenye rafu zao kwa sababu hakuna aliyekuja na vingine vya kuvisukuma, na wanafunzi waliopanda zile ngazi miaka ya 1980 na 1990 walikuja na vitabu vyao mkononi. Walichotafuta ndani kilikuwa meza na kimya. Mtahiniwa wa kidato cha nne anayekaa chumba kimoja na ndugu watano hahitaji zaidi ya hapo ili aipende maktaba. Ila tukubali kwamba maktaba ambayo watu huja na vitabu vyao wenyewe imebaki chumba cha kudurusia.

Sasa tupande matatu twende Jogoo Road.

Kaloleni ni mtaa uliojengwa na halmashauri ya mji katika miaka ya 1940, wakati serikali ya kikoloni ilipoanza kukubali, shingo upande, kwamba Mwafrika wa Nairobi si mgeni wa muda anayesubiri kurudi kijijini. Kabla ya hapo, nyumba za wafanyakazi zilikuwa mabweni, kitanda na kitanda, mwanamume peke yake na kipande chake, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika, shingoni. Kaloleni ilipangwa kwa familia. Nyumba za mawe za ghorofa moja tu, vigae, uwanja wa nyasi kati ya nyumba na nyumba, miti, na katikati ukumbi wa jamii. Ukumbi huo ndio uliokuja kuitwa bunge, kwa sababu ya siasa zilizopigwa humo enzi za kudai uhuru. Watu wa Kaloleni watakusimulia habari hizo hata kama hukuuliza.

Hapo ndipo baraza lilipoweka mojawapo ya matawi mawili ya McMillan. La pili liko Makadara, mbele zaidi upande huohuo wa mashariki. Ni majengo ya kawaida kabisa. Hayana nguzo wala simba, na mtu anayeyapita akiwa ndani ya matatu hawezi kuyatofautisha na zahanati au ofisi ya chifu. Kwa miongo mingi hadithi yake ilikuwa ileile ya mama yao wa mjini, bila hata heshima ya sheria: rangi iliyobambuka, rafu zenye vitabu vya kiada vya mitaala iliyokwisha kufutwa, na wakutubi wa kaunti wanaofungua mlango asubuhi na kuufunga jioni kwa uaminifu ambao haukuwahi kuandikwa popote. Kabla ya ukarabati wowote, hao wakutubi ndio maktaba.

Mwaka 2017 waandishi na wachapishaji wawili, Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika la Book Bunk, na mwaka uliofuata wakaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi ya kukarabati maktaba zote tatu. Wachuka alikuwa ametoka kuongoza jarida na taasisi ya Kwani Trust. Koinange ni mwandishi wa riwaya. Kwa hiyo walioingia humo walikuwa watu wa vitabu, si wakandarasi.

Uamuzi wao ninaouona kuwa kiini cha kisa chote ni wa mpangilio. Jengo lenye jina, picha na wafadhili watarajiwa lilikuwa la Banda Street. Wao walianza na matawi. Kaloleni ilitangulia, Makadara ikafuata. Sababu za kifedha zinaeleweka upesi: jengo dogo linakarabatika kwa pesa kidogo na kwa muda mfupi, huku jengo la urithi lenye sheria yake linahitaji vibali, wataalamu wa mawe ya zamani na mamilioni mengi. Ila nadhani kuna jambo jingine lililofanya mpangilio huo uwe sahihi hata kama pesa zingekuwapo. Huwezi kuwauliza watu wanataka maktaba ya namna gani ukiwa umesimama kati ya nguzo za graniti. Nguzo zimeshajibu kabla yao. Kaloleni, mama anayetoka kuteka maji akamwona mwanawe akiingia mlango ule ana la kusema, na atalisema. Mtoto atakuambia meza ni ndefu mno, taa haifiki kona ile, na anataka vitabu vyenye picha za watu wanaofanana naye.

Wanaodhani kukarabati maktaba ni rangi na paa hawajawahi kuhesabu vitabu. Kazi nzito ilikuwa kujua kilichomo. Kila kitabu, kila gazeti, kila picha, kimoja kimoja, vumbi puani. Na ukishajua kilichomo, inabidi uamue kikae wapi, na hapo ndipo unapogundua kwamba ukoloni ulikwisha kukaa kwenye rafu muda mrefu kabla ya wewe kuingia.

Nisimame kidogo hapa, maana jambo hili watu hulipita. Maktaba nyingi za Kenya hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey, uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey katika karne ya 19. Fasihi yote ya dunia imepewa mamia ya 800. Fasihi ya Marekani inaanzia 810. Ya Uingereza 820. Kijerumani 830, Kifaransa 840, Kiitaliano 850, Kihispania 860, Kilatini 870, Kigiriki 880. Waliobaki, yaani Waarabu, Wachina, Warusi, Wahindi na wanaoandika kwa lugha za Kiafrika, wamebanana kwenye 890. Ukitaka kuweka diwani ya mashairi ya Kiswahili mahali pake kwa usahihi, nambari yake ni 896.392. Tarakimu tatu za ziada baada ya nukta, kwa lugha inayozungumzwa kwenye ngazi za jengo lenyewe. Mgongo wa kitabu chembamba cha mashairi hauna hata nafasi ya kubandika lebo hiyo bila kufunika jina la mshairi. Dini nayo vilevile: sehemu kubwa ya 200 ni Ukristo, na Uislamu umepewa 297, katika maktaba inayopakana na Jamia.

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya wakutubi, hayamhusu msomaji. Yanamhusu. Msomaji hutembea kwenye rafu, na kinachokaa kwenye usawa wa macho ndicho anachokichukua. Ukimwambia mtoto wa Makadara kwamba vitabu vya kwao viko kule mwisho, chini kabisa, pamoja na "vinginevyo", umeshamfundisha somo kabla hajasoma ukurasa wa kwanza. Wala sisemi Dewey itupwe. Mkutubi wa kaunti akihamishwa kesho lazima akute mfumo anaoujua. Lakini sehemu ya fasihi ya Afrika inaweza kuletwa mlangoni, ikapewa rafu zake na maandishi yake, na nambari zikabaki nyuma ya pazia.

Mwishoni mwa Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya, alipelekwa kuiona maktaba ya Eastlands kule Makadara. Nililipenda chaguo hilo kuliko hotuba zote za ziara ile. Babu yake, George wa Tano, ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha enzi gavana alipofungua mlango wa Banda Street kwa ajili ya Wazungu... la, nisahihishe: ni babu wa mama yake. Vizazi vitatu kutoka mfalme hadi mfalme, na safari hii mgeni ndiye aliyezungushwa na wenyeji kati ya rafu.

Sifa zisitufumbe macho, hata hivyo. Majengo ni ya kaunti, wakutubi ni wa kaunti, lakini fedha za ukarabati zimetoka kwa wafadhili na michango. Mpango wa namna hii una ugonjwa wake, nao si siri kwa yeyote aliyewahi kuona bango la mradi likiwa jipya kuliko mradi wenyewe. Gavana hubadilika, waziri wa kaunti hubadilika, na kila mara mtu huanza kueleza upya kwa nini maktaba ni huduma kama maji. Nairobi imebadilisha uongozi zaidi ya mara moja tangu makubaliano ya 2018. Kilichozilinda Kaloleni na Makadara katika mabadiliko hayo, kwa tathmini yangu, ni idadi ya watoto wanaojaa humo shule zikifungwa. Mwanasiasa huogopa mlango wenye foleni. Mlango wa Banda Street, pamoja na simba wake, haujawahi kuwa na foleni ya kumtia mtu hofu.

Kwa McMillan yenyewe, ukarabati mkubwa ndio mtihani uliobaki, nao ni mgumu kwa sababu ya kilichomo. Humo mna magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, majalada mazito kama mlango, yanayorudi nyuma hadi miaka ya mwanzo ya ukoloni. Mna taarifa za vikao vya bunge. Ukifungua gazeti la 1938 utakuta matangazo ya sabuni na bei za kahawa kwenye ukurasa uleule unaotaja maandamano ya Wakamba, karatasi ikiwa imegeuka rangi ya chai na kingo zikikatika kwa kuguswa tu. Mtafiti anayataka. Mtahiniwa wa kidato cha nne hayahitaji, anahitaji meza. Mtoto anahitaji mkeka na msimulizi. Hao watatu hawawezi kukaa chumba kimoja, na ukumbi ule uliojengwa kwa ajili ya marehemu haukuacha vyumba vingi vya kuwagawanya.

Kisha kuna pembe za ndovu, na samani za Juja, na picha za wenyewe. Wapo wanaotaka vitolewe vyote, jengo lipumue. Mimi ningeviacha vichache, na ningeweka karibu navyo gazeti la Julai 1938 ndani ya kioo, lililofunguliwa kwenye habari za Muindi Mbingu, bila maelezo marefu.

Jina nalo limezungumzwa mara nyingi. Matawi yalipata nafuu hapo: watu huyaita Kaloleni na Eastlands, kwa jina la mahali yalipo, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa. La Banda Street halibadiliki kwa kupaka rangi kibao. McMillan ameandikwa kwenye kichwa cha Sura ya 217, na anayetaka kumtoa pale itabidi apeleke muswada Bungeni.